Kumuuguza mbwa wa kuokotwa baada ya upasuaji wa kano ya goti

Siku za mwanzo baada ya upasuaji hazina hila nyingi. Mbwa anaumwa, amejilaza, hana haja ya kwenda popote. Kazi huanza wiki ya 3. Hapo ameshakanyaga mguu, mkia unapepea, anataka kumfukuza paka wa jirani, nawe unaanza kumwonea huruma kwa kumfungia. Kati ya wiki ya 3 na ya 6 ndipo kazi ya daktari huharibika, na mara nyingi kwa kuruka mara moja tu: kwenye kochi, ngazini, au kutoka kwenye gari. Mbwa wa kuokotwa, aliyezoea kuranda mitaa ya Mombasa kama Kongowea au Likoni bila kamba wala ukuta, ana hatari hiyo maradufu. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya ni juu ya kumzuia, na namna ya kumzuia bila kumtia wazimu.

Kilichofanywa ndani ya goti

Kano iliyoharibika ni ile inayozuia mfupa wa muundi usiteleze mbele mbwa anapokanyaga. Kwa mbwa, kano hii kwa kawaida huchakaa polepole, uzi mmoja mmoja, kisha siku moja ikakatika kwa jambo dogo kama kugeuka ghafla. Daktari haiungi kano yenyewe. Ama hupitisha uzi mnene wa nailoni nje ya goti ili ulishikilie, ama hukata sehemu ya juu ya mfupa wa muundi, akaigeuza ili mteremko wake upungue, kisha akaifunga kwa bamba la chuma na skrubu. Njia ya kwanza hutumika zaidi kwa mbwa wadogo na wa kadiri. Ya pili hupendelewa kwa wakubwa na wenye pilikapilika.

Muulize daktari ametumia ipi, kwa sababu kila moja huharibika kwa njia yake. Uzi wa nailoni si wa kudumu. Baada ya miezi hulegea au hukatika, na kinachobaki kushikilia goti ni kovu nene linalojijenga kulizunguka kwa wiki 8 hadi 12. Mbwa akiruka mapema, uzi unalegea kabla kovu halijawa tayari. Kwenye bamba, wasiwasi ni mfupa: umekatwa, unahitaji kama wiki 8 kuunga, na kabla ya hapo skrubu zaweza kung'oka. Uliza pia kama kigegedu kilicho katikati ya goti kilikutwa kizima. Kikiwa kizima leo, chaweza kuchanika baadaye, na ni vizuri ujue hilo mapema.

Kabla ya siku yenyewe

Mbwa wa mtaani wa Pwani apimwe damu kwanza. Kupe wa kahawia wamejaa huku, na homa ya erlikia wanayoieneza hupunguza chembe za kugandisha damu. Mbwa wa namna hiyo akipasuliwa anaweza kuvuja damu isikome. Homa hiyo hiyo huvimbisha viungo. Mbwa anayechechemea mguu huu leo na ule kesho, huku ana homa na amepoteza hamu ya kula, huenda kano zake ni nzima kabisa. Tiba ya kawaida ni vidonge vya doksisaiklini kwa siku 28 hivi, na upasuaji husubiri hadi damu ikae sawa. Chanjo ya kichaa cha mbwa iwe imeshachomwa pia. Maumivu humfanya hata mbwa mpole ang'ate, na hutaki kuanza kuulizana habari za chanjo mtu akiwa ameshang'atwa.

Kizimba kiwe tayari kabla, si baada. Kwa mbwa wa kilo 20 hadi 25, chini kiwe mita 1.2 kwa mita 1: asimame, ajigeuze, ajinyooshe, lakini asipate nafasi ya kuchukua hatua tatu na kuruka. Fundi wa kuchomelea atakitengeneza kwa vyuma vyembamba na wavu wa kuchomelewa wenye matundu ya sentimita 5. Wavu wa kuku haufai. Mbwa wa mtaani huupasua kwa meno usiku mmoja, na ncha zake humkata. Kiweke sebuleni au penye watu, si uani. Uani atasikia kila mbwa anayepita na atazunguka akibweka kutwa. Funika pande tatu kwa shuka, acha wa nne uelekee feni. Joto la kaskazi, Desemba hadi Machi, halimwachi mbwa aliyefungiwa apumue vizuri bila upepo.

Halafu tazama sakafu. Nyumba nyingi za Mombasa zina taili au saruji iliyosuguliwa, na hakuna kinachovunja kazi ya goti kama mguu wa nyuma kuteleza upande. Mkeka peke yake hausaidii, wenyewe huteleza juu ya taili. Tandika mpira wa sakafuni au zulia lenye mpira chini, kuanzia kizimbani hadi mlangoni, bila pengo. Mkate kucha na punguza nywele zilizoota katikati ya vidole.

Kama hajawahi kufungwa kamba, mfundishe sasa. Wiki moja ya kumvalisha mkanda wa kifuani na kumtembeza uani kwa vipande vya maini itakuokoa baadaye. Azoee kula ndani ya kizimba mlango ukiwa wazi, na azoee kifunga mdomo kwa kumpakia chakula kwa ndani aje akirambe mwenyewe.

Kumfikisha nyumbani

Tuktuk inafaa kuliko bodaboda kwa kila hali, ila msiwe watu wengi. Mbebe mkono mmoja ukiwa mbele ya kifua na mwingine nyuma ya mapaja, miguu yote ikikunjika kwa pamoja. Usimnyanyue kwa makwapa ukaiacha ya nyuma ining'inie. Mlaze kitini, mguu uliopasuliwa juu, mtu mmoja amshike. Mwambie dereva apunguze mwendo kwenye matuta. Wa ng'ambo ya Likoni apange kuvuka feri nje ya saa za msongamano, maana umati ukianza kusukumana mbwa aliyelewa dawa hushtuka na kuruka.

Siku ya kwanza atayumba na kulia. Nyingi ya sauti hizo ni dawa ya usingizi inayotoka mwilini. Mpe maji kidogo kidogo, na chakula robo ya kawaida jioni. Kukosa choo kikubwa siku 2 hadi 4 ni jambo la kawaida. Kukosa mkojo saa 24 si kawaida, piga simu.

Leso

Kifaa bora cha wiki mbili za mwanzo kinauzwa Biashara Street kwa doti. Kunja leso moja kwa urefu mpaka iwe na upana wa kiganja na nusu, ipitishe chini ya tumbo mbele kidogo ya miguu ya nyuma, shika ncha mbili juu ya mgongo. Unambebea uzito pale tu anapotetereka. Kosa la wengi ni kumnyanyua mpaka miguu ya nyuma inaelea. Hapo hajifunzi kukanyaga. Leso iwe mvutano mwepesi tu, tayari akiteleza. Kwa dume, isogeze mbele kidogo isizuie mkojo, na ifuliwe kila siku. Ile ya pili ya doti ndiyo ya kubadilishia.

Katika nyumba za wanaoswali, swali la mate ya mbwa litakuja. Kwa wanaofuata madhehebu ya Shafii, walio wengi Pwani, kinachohitaji kuoshwa mara saba, moja kwa udongo, ni kugusana kukiwa na majimaji. Tenga leso, bakuli, taulo na kanzu kuukuu ya kazi hiyo tangu mwanzo, viwekwe pembeni, na mgonjwa atahudumiwa bila mtu kunung'unika.

Kidonda

Kipige picha kila asubuhi kwenye mwanga uleule. Macho husahau, simu haisahau. Wekundu mdogo pembezoni na michubuko ya zambarau kwenye paja ni kawaida siku 3 hadi 5. Uvimbe laini unaoshuka hadi karibu na kisigino siku ya 3 au ya 4 huwatisha watu wengi, lakini ni majimaji yaliyofuata mteremko, nayo huisha yenyewe.

Kisichotakiwa ni usaha, harufu, joto linaloongezeka, au mshono unaoachana. Hapa Pwani ongeza nzi. Katika unyevu wa masika, nzi akitaga kwenye kidonda chenye majimaji, funza hutokea ndani ya siku moja. Kausha, fukuza nzi kwa feni, badilisha matandiko kila siku, na usiache mabaki ya chakula kizimbani yakaita sisimizi. Damu iliyoganda pembeni ifute kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita, halafu kausha kwa kugusagusa. Mafuta ya nazi, manjano, asali, habasoda na spiriti vibaki jikoni na kabatini. Kila unachopaka humwalika arambe, na kuramba ndiko kunakofungua mishono.

Kwa hiyo koni ya shingoni inakaa usiku na mchana hadi mishono itolewe, kwa kawaida siku ya 10 hadi 14. Ukikosa ya kununua, kata kitako cha ndoo ya plastiki ya lita 10, toboa matundu ukingoni uifunge kwenye ukosi, na zungushia kitambaa pale ulipokata. Ipite ncha ya pua kwa sentimita 3 au zaidi. Hakuna kuoga wala kutumbukizwa kwenye dawa ya kupe muda huo, na dawa ya kuogeshea ng'ombe isimguse kabisa. Kupe watolewe kwa mkono, au kwa kidonge atakachoandika daktari.

Dawa

Dawa ya maumivu na uvimbe, mara nyingi meloksikamu au karprofeni, hutolewa pamoja na chakula na kwa kipimo cha uzito alionao sasa, si uzito wa mwaka jana. Akitapika, akiharisha, akikataa chakula au akitoa choo cheusi kama lami, simamisha dawa na umpigie daktari siku hiyohiyo.

Dawa za duka la mtaa zinazotuliza maumivu ya watu, yaani paracetamol, ibuprofen, diclofenac na zile za mchanganyiko, usimpe hata nusu. Ibuprofen na diclofenac hutoboa tumbo na kuua figo za mbwa; paracetamol huua ini. Vilevile kataa sindano ya "deksa" (deksamethasoni, dawa ya steroidi) ya kumchangamsha wakati yuko kwenye meloksikamu au karprofeni. Zikikutana, vidonda vya tumbo huja haraka. Na ikiwa mbwa wako hatulii kabisa kizimbani, mwombe daktari dawa ya kumtuliza tangu wiki ya kwanza. Si udhaifu wala si ukatili. Mbwa wa mtaani anayejirusha kwenye wavu saa 9 usiku anajivunja goti.

Barafu, halafu joto

Saa 72 za mwanzo tumia baridi. Changanya maji sehemu mbili na spiriti sehemu moja ndani ya mfuko wa kufungia, utie ndani ya mfuko wa pili, uweke kwenye friza: hautakuwa jiwe, utashika umbo la goti. Funika goti kwa kitambaa chembamba, weka dakika 10 hadi 15, mara 3 au 4 kwa siku. Mfuko ukivuja, utupe. Spiriti si ya kurambwa. Uvimbe ukishatulia, kwa kawaida baada ya siku 4 au 5, hamia kwenye kitambaa cha uvuguvugu dakika 10 kabla ya mazoezi. Kijaribu kwanza ndani ya mkono wako.

Usimpeleke kwa mchuaji. Vidole vinavyojua kuchua mgongo wa binadamu vinaweza kutengua goti lililotoka kupasuliwa. Kupapasa misuli ya paja taratibu, mbali na mshono, kunatosha.

Wiki kwa wiki

Wiki ya 1 na ya 2 ni choo tu: dakika 5, mara 4 au 5 kwa siku, kamba fupi na leso. Kugusa ardhi kwa ncha za vidole huanza ndani ya siku chache. Ikipita siku 14 bado mguu uko hewani, arudi kwa daktari.

Daktari akiruhusu, anza kumkunja goti. Mlaze, mguu mbovu juu. Kiganja kimoja kishike paja juu kidogo ya goti, cha pili kibebe kisigino kwa chini. Kunja polepole mpaka pale anapogeuza kichwa kukutazama au msuli unapokaza. Hapo ndipo mwisho wa leo. Hesabu hadi 5, nyoosha vilevile. Mara 10, mara 2 au 3 kwa siku. Ukimlazimisha mara moja, kesho hatakuachia mguu, na mbwa aliyekwisha kupigwa na watu huchelewa kusamehe.

Wiki ya 3 na ya 4, dakika 10 mara 3. Kinachotibu hapa ni mwendo, si umbali: mwendo wa bi harusi akipelekwa kwa mumewe. Akienda haraka ataunyanyua mguu na kuruka na mitatu, maana mbwa wa mtaani wengi wameshazoea kuishi hivyo. Akienda polepole hana budi akanyage. Ukiona ameunyanyua, simama, mwache akanyage, anza tena. Mkiwa mmesimama, msukume nyonga kidogo kuelekea upande wa mguu mbovu sekunde 5, mara 5, ili akumbuke kuubebea uzito.

Wiki ya 5 na ya 6, dakika 15 hadi 20. Ongeza kuketi na kuinuka: ubavu wa mguu mzima uwe mbali na ukuta, wa mguu mbovu uwe karibu na ukuta, ili asitupe mguu nje anapoketi. Mara 5, asubuhi na jioni. Namna anavyoketi inasema mengi. Akiketi mguu ukitokeza pembeni, goti bado halikunjiki sawa.

Wiki ya 7 na ya 8, dakika 20 hadi 30, mteremko mwepesi, mizunguko mipana ya umbo la 8, na kupita juu ya fito 4 zilizolazwa sentimita 5 kutoka ardhini. Baada ya hapo ni eksirei, kama ni bamba, na neno la daktari. Kumfungulia huru kabisa ni baada ya wiki 12 kwa walio wengi.

Nenda kabla ya saa 1 asubuhi au baada ya saa 12 jioni. Weka mgongo wa kiganja kwenye lami. Usipostahimili kwa sekunde 7, nyayo zake nazo hazistahimili. Mwambie askari wa geti na mfanyakazi wa nyumbani, kwa jina la mbwa na kwa kumwonyesha mguu: huyu hafunguliwi. Mlango mmoja ukiachwa wazi kwa dakika moja hufuta wiki tano. Siku za fataki, Diwali na mkesha wa mwaka mpya, abaki ndani, mapazia chini, redio juu, na dawa ya kutuliza iwe imeombwa mapema.

Kila Jumapili mpime paja kwa futi ya fundi cherehani, amesimama, juu kabisa karibu na kinena, mguu huu na huu. Andika. Tofauti itapungua polepole na huenda bado ipo wiki ya 12. Ikianza kuongezeka, mguu hautumiki hata kama unaonekana unakanyaga.

Chakula

Mbwa aliyefungiwa apunguziwe robo ya chakula, na robo hiyo itoke kwenye ugali. Samaki waliochemshwa na kutolewa miiba, mayai, maini kidogo na boga la kuchemsha vibaki. Kijiko kikubwa cha boga husaidia choo kigumu pia. Mchuzi wenye vitunguu ni sumu kwake, tui zito humharisha, na mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha. Mbavu uzipapase kirahisi bila kuzibonyeza. Kila kilo ya ziada inabebwa na goti hilo.

Baharini

Ufuo ni zawadi ya mji huu kwa goti, ukitumika vizuri. Usimpeleke kabla mishono haijatoka na kidonda hakijakauka kabisa, na kutembea huko kuanze wiki ya 6. Angalia maji: twende maji yakipwa, kwenye mchanga mgumu wenye unyevu. Mchanga mkavu wa juu unazama na kulipindua goti kwa kila hatua, dakika 5 zake ni nzito kuliko 20 za barabarani. Kuanzia wiki ya 8, kwa ruhusa, mtembeze ndani ya maji yaliyotulia nyuma ya mwamba, Nyali au Bamburi, maji yamfike usawa wa nyonga. Hapo maji humbebea uzito huku goti likikunjika. Kuogelea kwa kupiga mateke kuje baadaye, na msimu wa kusi, bahari ikichafuka, kusije kabisa. Matumbawe hukata nyayo, ngamia wa watalii hushtua, kwa hiyo kamba haifunguliwi. Akitoka asafishwe kwa maji baridi ya bomba.

Usisubiri asubuhi

Mbwa aliyekuwa anaendelea vizuri akaacha ghafla kukanyaga, ni bamba au uzi, au kigegedu kimechanika. Hicho mara nyingine husikika kikilia "kt" anapotembea. Joto la mwili juu ya 39.5, kwa kipimajoto cha njia ya haja kubwa (kawaida yake ni 38 hadi 39.2), ufizi uliopauka, kidonda kilichoachana: zote ni za siku hiyohiyo. Usimwongezee dawa ya maumivu nyumbani ili uone kama itapita, itaficha tu dalili daktari anazozitafuta.

Mguu wa pili nao uangaliwe. Kwa karibu nusu ya mbwa hawa, goti la upande mwingine huja kuharibika baadaye, kwa kuwa uchakavu ule ule uko pande zote mbili. Akianza kuinuka polepole asubuhi, kuketi kwa upande, au kugoma kupanda ngazi aliyokuwa akiipanda, mpeleke akakaguliwe wakati bado anachechemea kidogo. Na kizimba usikiuze.